Jinsi ya Kuchunga Kondoo Bila Kunuka Kondoo

Mwongozo kwa mchungaji mpya anayetaka kustaafu na joho safi

Machi 2013, wiki mbili hivi baada ya kuchaguliwa, Papa Francis aliwaambia mapadre kwamba mchungaji anapaswa kunuka kondoo wake. Maneno matamu, lakini ni wazi hayakutoka kwa mtu anayefua joho lake mwenyewe. Bahati nzuri sisi Walutheri hatufungwi na maneno ya Papa. Tulilimaliza hilo tangu 1517. Kwa hiyo naweza kuandika kwa uhuru mwongozo ambao vyuo vya theolojia vimeusahau: namna ya kuchunga kundi miaka mingi, ukaheshimiwa, ukapewa zawadi, na bado harufu ya zizi isikuguse.

Mifano yangu ni ya usharika wa mlimani, Kilimanjaro, kwenye migomba na matope ya Aprili. Mwanglikana wa Korogwe au Mpentekoste wa Mwanza abadilishe tu rangi ya vazi, mengine yatamfaa yalivyo.

Hatua ya kwanza: Pokea wito kwa haraka

Historia ya imani imejaa watu waliojaribu kuukwepa wito wao. Musa mbele ya kile kichaka alitoa udhuru baada ya udhuru, mpaka akafika kwenye uzito wa ulimi. Yeremia alijitetea kwa utoto. Yona alilipa nauli ya merikebu, tena iliyokuwa ikielekea upande usiotakiwa. Ambrosi, gavana wa Milano, alichaguliwa kuwa askofu mwaka 374 hata ubatizo hajaupata, akafanya kila hila ili akataliwe. Agostino naye alikuwa akikwepa kila mji usio na askofu. Mwaka 391 akaenda Hipo bila wasiwasi kwa kuwa askofu alikuwepo. Waumini wakamkamata humohumo kanisani, wakamsogeza mbele, akawekewa mikono ya ukasisi huku machozi yanamtoka.

Watu hawa walikosa mshauri. Wewe wito ukikugusa Jumatatu, Jumanne piga picha ukiwa umekumbatia Biblia na kidole kimoja kidevuni, Jumatano bango liwe limeshatundikwa njia panda. Usiende kumuuliza mtu anayekufahamu vizuri, hasa anayekudai.

Jihadhari pia na wazazi wa aina ya mzee Hans Luther. Mwanawe Martin alikuwa akisomea sheria. Julai 1505 radi ikapiga karibu naye nje ya kijiji cha Stotternheim, kwa hofu akaapa kuwa mtawa. Baba mtu, aliyekwisha kugharamia masomo, akamuuliza baadaye: una hakika gani kuwa huyo hakuwa shetani? Swali hilo limeharibu sherehe nyingi. Mzazi mwenye maswali kama hayo mkalishe mbali na kipaza sauti.

Na ukifika chuoni utafundishwa jambo la hatari zaidi, kwamba Luther huyohuyo alihubiri kuwa mkamuaji wa maziwa na fundi viatu nao wameitwa na Mungu, na kazi yao haiko chini ya ile ya mtawa. Jibu vizuri kwenye mtihani, kisha sahau. Ukilikumbuka, utaanza kumwona mama anayeshuka na ndizi sokoni alfajiri kuwa ni mtumishi mwenzako, na kile kiti chako kirefu cha madhabahuni kitakosa raha.

Hatua ya pili: Ingia kwa kishindo

Siku ya kuingizwa kazini, upokewe kuanzia barabara ya lami. Pikipiki zitangulie, matarumbeta yafuate, na akina mama watandike vitenge ukanyage. Mkuu wa jimbo atakukabidhi funguo mbele ya watu wote. Zipokee kwa unyenyekevu unaoonekana hadi safu ya nyuma.

Kisha panga ofisi. Meza iwe pana kiasi kwamba mwenye shida akikaa upande wa pili, machozi yake yasifike kwenye mafaili. Mlangoni bandika saa za kuonwa na mchungaji, uchague zile ambazo watu wako shambani.

Kaya yako nayo ina ratiba. Mama mchungaji atajikuta ameshapangiwa kikundi cha akina mama, jiko la wageni na uso wa tabasamu, vyote bila mshahara. Tangu Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) likubali mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, mambo yamekuwa magumu kidogo: mume wa mchungaji yupo, anakaa safu ya tatu, na hakuna aliyewahi kumtarajia asonge ugali wa semina kwa sababu mkewe amevaa kola. Usiulize kwa nini. Maswali ya namna hiyo huanza jikoni yakaishia kwenye mkutano mkuu.

Kubwa kuliko yote, usipoteze muda kuwajua watu. Kuna mmisionari wa Leipzig aliyeitwa Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro 1902 na kuondoka moja kwa moja 1938. Miaka yake mingi ya Old Moshi aliitumia kukaa na wazee, akiandika sheria zao, mafundisho yao ya jando na namna jirani anavyodaiwa na jirani. Mwisho akaamua kwamba usharika hauna haja ya kubuniwa, kwa kuwa watu tayari wamefungamana kwa ukoo, ujirani na rika; Injili ipite humo humo. Vijana wa kipaimara akawaweka katika vikundi vya kusimamiana, kwa mfano wa marika. Alikuwa na upungufu wake, maana aliipenda jana ya Wachagga kuliko vijana wao wenyewe walivyoipenda. Lakini kosa lake kubwa kwa mujibu wa mwongozo huu ni kusikiliza. Wewe unaweza kuhamishwa wakati wowote, utasikiliza hadi lini?

Hatua ya tatu: Hubiri kwa nguvu

Matendo ya Mitume sura ya 20 inatusimulia juu ya kijana Eutiko, aliyekaa dirishani huku Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane. Usingizi ukamzidi, akaanguka kutoka orofa ya tatu, akaokotwa amekufa. Paulo akashuka, akamkumbatia, akasema uhai ungalimo. Kisha akapanda tena juu, wakamega mkate, na mazungumzo yakaendelea hadi alfajiri. Wahubiri wengi hujifunza hapo kufupisha maneno. Wewe jifunze kujenga kanisa lisilo na ghorofa.

Mahubiri bora yana vipengele vitatu, vyote vikianza kwa herufi moja. Fungua kwa kisa cha ndege iliyokumbwa na dhoruba. Nusu ya waumini hawajawahi kupanda ndege, kwa hiyo hawatakukosoa. Hoja ikilegea, paza sauti. Ikikatika kabisa, sema, "Mwambie jirani yako," ili ujirani huo ukupe nafasi ya kutazama karatasi. Dhambi zikemewe, ila ziwe za watu wasiokuwepo: wanasiasa, vijana wa mjini, madhehebu ya ng'ambo ya mto. Ukikemea anayewanyima wafanyakazi wake wa shambani ujira, hakikisha kwanza hayupo kwenye kamati ya ujenzi.

Wala usivunjike moyo wasipobadilika. Luther mwenyewe mwaka 1530 alichoshwa na watu wa Wittenberg, akawatangazia mgomo na kukaa miezi kadhaa bila kuwahubiria kama kawaida yake. Simshauri mtu kumwiga. Huenda huku kwetu wasigundue.

Hatua ya nne: Tawala matangazo, kwepa mnada

Matangazo ndiyo kilele cha ibada, na kwa sababu hiyo yasiwe mafupi kuliko mahubiri. Anza na ahadi na bahasha, uzitaje kwa namba zake. Kila mtu anajua namba ya jirani yake, kwa hiyo hutakuwa umemtaja mtu jina. Endelea na mfuko wa ujenzi, sare mpya za kwaya, uzinduzi wa albamu ya kwaya ileile pamoja na mgeni rasmi aliyeomba aandaliwe kiti cha mbele. Mwenye kutangaza kuwa mtoto wake amelazwa asubiri mwishoni, muda ukibaki.

Baada ya baraka, watu hutoka wakiimba na kuzunguka uwanja kwa ajili ya mnada. Hapo uwe na udhuru, kwa sababu mnada unaweza kuubomoa mwongozo wote huu kwa nusu saa.

Nitaeleza ili ujue unachokikwepa. Mezani kuna vitu vilivyoletwa na wasio na fedha ya bahasha: mkungu wa ndizi, galoni la maziwa, maparachichi kwenye ndoo, jogoo aliyefungwa miguu kwa ganda la mgomba. Mzee wa kanisa mwenye sauti ananadi. Jogoo ananunuliwa kwa elfu kumi na tano, aliyemnunua anasema, "Namrudisha kwa Bwana," basi jogoo anapanda mezani tena, ananadiwa upya, anarudishwa tena. Kufikia saa saba ameshajenga msingi wa choo cha shule ya Jumapili na bado yuko hai, ingawa sura yake ni ya aliyekata tamaa. Kisha yanatoka mayai matatu ndani ya leso. Uwanja unajua ni ya nani, na kwamba nyumbani kwake hayakubaki mengine. Kijana wa bodaboda, yule ambaye jina lake hutajwa kwenye baraza la wazee kwa sababu nyingine, anataja elfu tano, analipa, anaifunga leso vizuri na kumpelekea mwenyewe. "Bibi, kapike."

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Bibi anaondoka na mayai yake, usharika umepata elfu tano, na kijana amepata bibi. Hakuna aliyehubiri. Mchungaji aliyefuzu anakuwa ofisini wakati huo akikagua orodha ya wadaiwa, kwa hiyo haoni kitu, na Jumapili ijayo anaweza kuendelea kufundisha juu ya utoaji kwa ujasiri wote.

Hatua ya tano: Tatua ugomvi kwa kuufunika

Penye wengi pana mengi, na penye kwaya mbili pana kibodi moja. Makanisa saba yaliweza kukubaliana na kuungana tarehe 19 Juni 1963 yakawa KKKT. Kwaya Kuu na Kwaya ya Vijana haziwezi kukubaliana nani anafunika kibodi baada ya mazoezi.

Kanisa la kwanza Yerusalemu lilipata mgogoro wake mapema. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walipunjwa posho ya kila siku, wenzao wakanung'unika. Mitume wakafanya jambo la ajabu: waliwaita watu, wakakiri kuwa tatizo lipo, wakachagua wanaume saba kusimamia chakula. Ukiyasoma majina yao, kuanzia Stefano hadi Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Yaani ghala lilikabidhiwa kwa upande uliolalamika.

Usithubutu. Unda kamati ndogo, mwenyekiti awe ndugu wa mlalamikiwa, na iletwe taarifa baada ya Pasaka bila kusema Pasaka ya mwaka gani. Funika kombe mwanaharamu apite. Akirudi, soma wimbo wa upendo wa 1 Wakorintho 13 kwa sauti ya harusi, ukiwa mwangalifu usiwakumbushe watu kwamba Paulo aliuandika kwa usharika uliogawanyika makundi na kupelekana mahakamani.

Hatua ya sita: Tembelea nyumba kwa msafara

Ziara ya mchungaji ifanywe na watu sita, mmoja akiwa na kamera. Salamu, wimbo, neno, sala, sadaka, soda. Dakika ishirini zinatosha, na kwa hesabu hiyo mtaa mzima unaweza kumalizika kabla ya jua kuzama. Jumuiya za majumbani waachie wainjilisti, wao wamezoea kukalia vigoda.

Hatari ipo ukienda peke yako. Utafika kwa bibi mmoja, utasema, "Shikamoo, bibi," ataitikia, "Marahaba, baba mchungaji, Bwana Yesu asifiwe," na kabla hujafungua Biblia atafungua fundo la kanga. Ndani mna simu. Kuna ujumbe uliingia juzi, macho hayaoni tena maandishi, na wajukuu wamekwenda shule. Unausoma. Ni wa mwanawe aliyeko Mbeya: hajambo, kazi ngumu, atatuma kitu mwisho wa mwezi. Bibi ananyamaza. Anaomba umsomee tena. Unasoma tena. Anauliza kama ameandika "mama" mwanzoni au mwishoni. Mwanzoni, unamwambia. Anaomba mara ya tatu, safari hii midomo yake inafuatisha. Halafu anasema, "Basi, sasa tuombe," na anaomba yeye, kwa Kichagga, maneno mengi, na jina lako limo.

Tazama hasara. Saa nzima imekwenda, hujahubiri, sadaka hukuchukua, taarifa ya jimbo haina safu ya kuandika "kusoma ujumbe wa simu." Ukirudia jambo hili mitaa miwili mitatu, harufu itaingia kwenye koti na hakuna sabuni itakayoitoa.

Hatua ya saba: Msibani, shika kadi

Mtu akifariki, jambo la kwanza ni kuuliza kadi yake. Bahasha zilirudi? Ahadi ilikamilika? Ndoa ilibarikiwa? Je, alitengwa akafa kabla ya kurudi kundini? Mwenye upungufu mtumie mwinjilisti bila joho, ili marehemu ajifunze.

Ukilazimika kwenda mwenyewe, uwe na jibu. Mama aliyempoteza mtoto mwambie kuwa Mungu alimpenda zaidi, na usingoje kuona anavyokutazama. Kitabu cha Ayubu kina mfano mbaya wa kuepuka: marafiki watatu walikuja, wakalia, wakarusha mavumbi, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku pasipo kumwambia neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Ilikuwa wiki ya uvivu mtupu. Baada ya hapo wakaanza kazi na kueleza sababu za msiba, sura baada ya sura, kwa theolojia iliyonyooka. Ni kweli kwamba mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia kwa yale waliyosema, na hakusema lolote juu ya zile siku saba. Lakini hilo lipo sura ya 42, na watu wengi huishia ya pili.

Hatua ya nane: Linda imani yako isiguswe

Mchungaji hana mashaka. Akiwa nayo, huyaita "changamoto za huduma" na kuyaombea semina. Sala zako ziwe za hadhara. Za faragha hazina mashahidi.

Epuka kabisa tabia za watu wa Uamsho. Harakati hiyo ilichipuka Gahini, Rwanda, ikasambaa miaka ya 1930 hadi Uganda na kuvuka kuingia Bukoba. Tabia yao ilikuwa kukiri dhambi mbele ya wenzao: fedha iliyoibwa, chuki ya mke mwenza wa baba, kiburi cha cheo. Na hawakuheshimu kola. Mpishi aliweza kumwambia mchungaji wake, tena kwa upendo, kwamba hapo umeteleza, ndugu. Na mchungaji akalia, wakaimba pamoja. Fikiria fundi wa kupaka rangi akikwambia hivyo leo katikati ya ujenzi!

Njia salama ni kuwa na shughuli. Kikao cha jimbo, semina ya mabadiliko, harambee, uzinduzi, kikao cha kupanga kikao. Mtu anaweza kumtumikia Mungu miaka thelathini kwa bidii bila kubaki naye chumbani dakika kumi, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayegundua. Wengi huanza kuogopa ukimya kabla ya kuogopa kitu kingine chochote, ndiyo maana hata ndani ya gari la usharika redio haizimwi.

Hatua ya tisa: Ondoka vizuri

Barua ya uhamisho itakuja. Utaandaliwa hafla, utapewa godoro, mbuzi, vitenge na picha yako mwenyewe kwenye fremu kubwa. Mwenyekiti wa ujenzi atasoma risala: bati zilizoezekwa, mabenchi yaliyonunuliwa, mita za uzio. Sikiliza kwa makini. Risala ikiwa ya bati na mabenchi mwanzo hadi mwisho, umefaulu, na unaweza kuupeleka mwongozo huu usharika unaofuata kama ulivyo.

Bali ukiona wazee wamebishana nani aseme kwanza, kwaya zote mbili zimeimba kwa kibodi ileile, na nyuma kabisa kuna watu wanalia ambao majina yao hayapo kwenye orodha yoyote ya kamati, rudi usome tangu mwanzo. Kuna hatua uliiruka, na godoro hilo halitakuliwaza.